Cheti Kinasema Breki Nzima

Jumatatu, 4 Mei

Siku imeanza vibaya na mpaka sasa haijajirekebisha. Saa moja asubuhi Mama Mikate katuita ofisini, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Mama Mikate ndiye mwenye kiwanda. Mimi nabeba mikate yake mwaka wa nne huu. Shemeji anambebea unga, na kunishikia zamu siku gari langu linapougua. Linaugua kwa nadra. Mara mbili kwa wiki.

Habari yenyewe: watu wa bima wamemjia juu. Kuanzia Jumatatu ijayo gari lisilo na stika ya ukaguzi halipakii hata skonzi moja. Jumamosi saa nne atapita mwenyewe kutazama vioo vya mbele. Mwenye stika anapewa njia nzima ya mjini, maduka arobaini, mwaka mzima. Asiye nayo, kwaheri. Neno kwaheri kalisema akinitazama mimi. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake kwa upole. Upole wake unanitia kichefuchefu. Nyumbani namwita Malaika, naye mke wangu hudhani ninamsifu.

Stika ya Malaika inakwisha Ijumaa hii. Yangu ilikwisha miezi minane iliyopita, nikaipaka matope kidogo tarehe isisomeke.

Hali ya Bibie (ndilo jina la gari) ni kama ifuatavyo. Taa ya kushoto haiwaki. Honi hulia nikikata kona ya kulia tu. Matairi yana vipara kuliko mjomba wangu. Breki ya mguu inakamata, ukiiomba mapema. Breki ya mkono ni pambo. Ukiivuta inapanda mpaka karibu na bega, na Bibie anaendelea na safari zake. Kwa hiyo tuna jiwe. Mke wangu ndiye msaidizi wangu wa kushusha kreti. Kila tukisimama, anashuka kwanza, anatia jiwe nyuma ya tairi, kisha anafungua milango ya nyuma. Mpango mzuri. Haujawahi kutuangusha.

Jioni nimempa habari za stika. Kasema basi tengeneza breki. Nikamweleza kwamba suala ni stika, si breki. Kasema yeye ndiye anayesimama nyuma ya gari hilo mara arobaini kila asubuhi, kwa hiyo kwake suala ni breki. Akaendelea kukunja nguo. Kuna watu huchanganya mambo.

Nimeinuka kitini mara sita nikiandika ukurasa huu.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kwa fundi, tunayemwita Taratibu. Kalala chini ya Bibie muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Alipotoka kasema waya wa breki ya mkono umeoza wote, pedi za nyuma zimekwisha, kazi ya siku mbili.

Siku mbili! Siku mbili Bibie yuko juu ya mawe, maana yake siku mbili Malaika anabeba mikate yangu. Namjua. Atapanga kreti kwa ukubwa. Atafika kwa wakati. Atawauliza wenye maduka habari za wagonjwa wao, tena kwa majina. Baada ya siku mbili nani atanikumbuka mimi? Nikamwambia Taratibu nitafikiria. Kasema breki haifikiriwi, breki inafungwa. Fundi mzuri lakini hana siasa.

Mchana nikaenda kupeleleza kituo cha ukaguzi. Nimekaa kibandani ng'ambo ya barabara na kikombe kimoja cha chai kwa saa mbili. Nilichokiona: uwanja, banda, mashine ya kupimia breki imefunikwa turubai, na kimwinuko cha zege. Hicho kimwinuko ndicho adui. Gari linapandishwa, dereva anavuta breki ya mkono, anaondoa mguu, Mkaguzi anahesabu mpaka sitini. Mkaguzi ni mtu mwembamba mwenye miwani minene na kalamu tatu mfukoni. Lori moja lilisimama kama nyumba. Teksi iliyofuata iliteleza akiwa amehesabu kumi na nne. Dereva wake kashuka, kaipiga teke, na hapo ndipo ikasimama. Mkaguzi hakukubali kuhesabu tena.

 Mlinzi wa geti akaja kuniuliza kwa nini nahesabu magari. Nikamwambia namngojea shangazi yangu. Kauliza shangazi yuko wapi. Nikasema ndiyo maana namngojea. Kaniangalia sana. Nikaondoka, na chai nikaiacha nusu.

Kuna watu wangeniambia hapo toa chochote kidogo. Mimi sihongi mtu. Ni msimamo wangu, na pia mfukoni hamna kitu.

Jumatano, 6 Mei

Siku nzima miguu haijatulia. Lakini mambo yanakwenda.

Kwanza matairi. Mtaani kwetu tuko madereva saba na tuna seti moja ya matairi mazuri. Manne, meusi, yana meno kama ya mbwa mchanga. Tulichanga miaka mitatu iliyopita na kazi yao ni moja tu: ukaguzi. Mwenye zamu anayavaa asubuhi, anakaguliwa, jioni anayarudisha yameoshwa. Hayajawahi kubeba mzigo wala kuona mvua. Mkaguzi ameshayapitisha mara ishirini na kitu, kwenye magari saba tofauti, na kila mara huandika kwamba yako katika hali bora. Ni kweli. Hakuna matairi yanayotunzwa kama yale.

Tatizo ni kwamba mtunzaji wao ni Malaika. Alichaguliwa kwa kura zote, maana yeye mwenyewe hayahitaji. Anatumia matairi yake mwaka mzima, jambo ambalo naliona ni majivuno. Ya kwetu ameyapanga sebuleni, mawili juu ya mawili, ameyafunika kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu.

Nimemtuma mke wangu akaniombee. Amekataa. Kasema aliyegombana na kaka yake ni mimi. Nikamkumbusha kwamba sijagombana naye, nimemnunia tu. Nikaenda mwenyewe.

Malaika kanipokea vizuri mno. Kaondoa redio, kaondoa kitambaa, kayabingirisha mpaka nje mwenyewe. Halafu bila kuulizwa kaniletea kizimamoto chake, na ile pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani gari likiharibika, kwa sababu anajua mimi sina. Kasema anachoomba ni kimoja, nimrudishie kabla ya Ijumaa saa mbili asubuhi, maana na yeye siku hiyo anakwenda kukaguliwa. Nikasema bila shaka.

Kisha akatoa lingine. Kasema kama nataka kutengeneza breki, yeye atanibebea mikate siku zote mbili na malipo yote nichukue mimi. Ana hofu juu ya dada yake, kasema. Alisema hivyo akinitazama machoni. Nimeshukuru, nimekataa. Mtego ule hata kipofu angeuona.

Alasiri: breki. Nimebuni jambo ambalo nikifa nitakumbukwa nalo. Bibie ana tundu sakafuni, upande wa abiria. Nimechonga kabari kutoka mguu wa kiti kibovu, nikaifunga kamba, kamba inapita tunduni. Kwenye kimwinuko nitavuta breki ya mkono kwa mbwembwe, nitakohoa mara mbili, na mke wangu ataachia kabari ianguke nyuma ya tairi la mbele. Mkaguzi ahesabu hata mia.

Tumefanya mazoezi mtaani. Mara ya kwanza kabari imeanguka na Bibie kaipanda. Mara ya pili vumbi limenikohoza tukiwa bado tunakwenda, mke wangu kaachia, nikagonga usukani kwa kifua. Mara ya tatu safi kabisa. Majirani wawili wamepiga makofi.

Mke wangu kasema kwa akili niliyoitumia kwenye kamba ile, ningekuwa nimeshatengeneza breki za mtaa mzima. Ni nadra kunisifu. Nimefurahi.

Alhamisi, 7 Mei

Nina stika. Lakini nina hasira, na nitaeleza kwa nini.

Tumefika kituoni saa mbili na nusu. Bibie kaoshwa. Matairi yanang'aa. Taa ya kushoto nimeipachika balbu ya kuazima. Kwa honi nilikuwa nimejipanga kuingia getini kwa kukata kona ya kulia. Mke wangu kakaa kando yangu, kamba mkononi, uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Mbele yetu magari kumi na moja. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena, nikafuta kioo, nikapanda.

Umeme ulikuwa umekatika. Mashine imelala chini ya turubai. Jua kali. Mkaguzi alikuwa amehamishia meza kivulini, na foleni ikawa inakwenda kwa kasi ya kutisha. Zamu yangu ikafika. Kanyoosha mkono bila kuinua kichwa. Nikampa karatasi. Kauliza ni gari gani. Nikasema lile pale. Hakutazama pale. Kaandika. Taa nzima, tiki. Honi nzima, tiki. Matairi, tiki. Breki ya mguu, tiki. Breki ya mkono, tiki. Sahihi. Muhuri. Cheti. Stika.

Nikabaki nimesimama. Kauliza kama kuna lingine.

Sasa jamani. Siku tatu! Nimechonga kabari kwa mikono yangu. Nimemnyenyekea Malaika sebuleni kwake. Nimetoboa kidole. Na huyu bwana hata hajainua miwani. Nikamwambia kwa heshima kwamba pengine angependa angalau kuyaona matairi. Kasema ameshayaona. Nikasema basi tupande kimwinuko, hata ahesabu thelathini tu. Hapo akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Kaniuliza kama nataka aende akatafute kosa. Nikahisi mkono wa mke wangu umenishika nyuma ya shati. Alikuwa ameshuka garini. Kanivuta mpaka kwa Bibie kama mzigo.

Tukakaribia nyumbani. Ndipo kasema mtu yule ameandika kwamba breki ni nzima na hajaigusa. Nikasema ndiyo. Kasema yeye ameona, na mimi nimeona. Nikasema ndiyo, lakini sasa imeandikwa. Akatazama nje ya dirisha.

Jioni nimerudisha matairi, yameoshwa. Pembetatu na kizimamoto viko chini ya kiti. Kesho.

Ijumaa, 8 Mei

Nataka iandikwe kwamba sikukusudia.

Nimeamka saa kumi na mbili, nikakumbuka vitu vya Malaika. Nikanywa chai. Saa moja nikakumbuka tena. Nikapakia mikate. Saa mbili kasoro robo nilikuwa nakumbuka sana, hata nikapita barabara ya kwake, nikaona gari lake liko mlangoni na yeye yuko ndani anafunga vifungo vya shati. Mke wangu alikuwa nyuma anahesabu kreti, hakuona. Nikafikiri, nikisimama nitachelewa dukani. Saa mbili na nusu nikasahau.

Mchana habari zikanifikia. Leo umeme ulikuwepo. Na si umeme tu. Mkubwa wa Mkaguzi kutoka makao makuu alikuwepo pia, amesimama nyuma yake na daftari. Wanasema Mkaguzi alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliingia chini ya magari kwa tumbo. Gari la Malaika lilipanda kimwinuko likasimama, akahesabu mpaka sitini, mkubwa akamwambia aendelee, akahesabu mpaka mia na ishirini. Halikuyumba. Mashine ikasema breki ni kama mpya. Taa, honi, matairi, vyote. Halafu Mkaguzi akaomba pembetatu na kizimamoto.

Kafeli. Arudi baada ya siku saba.

Nimempelekea vitu vyake jioni. Nimejieleza kwa kirefu: foleni, uchovu, mikate. Kavipokea, kasema hayo hutokea. Kasema alijua nina mambo mengi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa ananiangalia mimi, si yeye. Chakula cha jioni tumekula bila redio.

Nasema tena, sikukusudia. Karibu sikukusudia.

Jumamosi, 9 Mei

Ushindi.

Saa nne kamili Mama Mikate katoka na miwani yake ya kusomea. Kasogeza pua kwenye kioo cha Bibie, kasoma tarehe, kasoma muhuri, kasoma hata jina la mpiga chapa. Kasema njia ni yangu. Maduka arobaini, mwaka mzima. Kwa Malaika kasema anasikitika, lakini bima ni bima. Malaika kanipa mkono wa pongezi. Mkono mkavu, wa joto, hauna kinyongo hata chembe. Nimeuosha.

Nimetembea kiwandani nikienda na kurudi kwa saa nzima kwa sababu sikuweza kukaa. Kisha nikaliona lile jiwe sakafuni mwa Bibie, karibu na miguu ya abiria. Kubwa, lina tope, limechakaa upande mmoja. Likanitia aibu. Gari lenye stika ya mwaka huu linatiwa jiwe kama mkokoteni? Mwenye duka akiona atasema nini? Mama Mikate je? Nimelitupa mtaroni nyuma ya kiwanda.

Jumapili, 10 Mei

Siku ya mapumziko. Nimekisoma cheti mara tatu. Kimeandikwa vizuri sana. "Breki ya mkono: nzima." Hakisemi "inajitahidi," wala "haina neno." Nzima.

Nikaanza kuwaza. Mkaguzi huyu ana miaka mingi kazini. Mtu wa uzoefu ule pengine hahitaji kuinua kichwa. Daktari mzuri huutambua ugonjwa wako ukiwa bado mlangoni. Labda aliusikia mlio wa Bibie ukiingia getini, akajua. Taratibu alisema imeoza, lakini Taratibu ana cheti gani? Ana spana.

Nimekwenda nje, nikavuta breki ya mkono. Imepanda mpaka begani kama zamani, lakini safari hii niliona kama imekaza kidogo mwishoni. Nimeivuta mara nane. Mara ya nane nilikuwa na hakika.

Jumatatu, 11 Mei

Naandika nikiwa nimesimama. Mwandiko mbaya nisamehewe.

Duka la sita. Lile la kwenye mteremko, karibu na kinyozi. Nimesimamisha, nimevuta breki, nimezima injini. Mke wangu katafuta jiwe miguuni pake. Kauliza liko wapi. Nikamwambia hatuna haja nalo tena, sisi ni watu wa stika. Kaniuliza kama nimeingia chini ya gari nikatengeneza kitu bila yeye kujua. Nikasema imethibitishwa kitaalamu. Watu walikuwa wanangoja mikate. Kashuka, kafungua milango ya nyuma, mimi nikaingia dukani na daftari la kusaini.

Nimesikia kreti zikigongana. Nimegeuka nikaona Bibie anaondoka. Anaondoka kinyumenyume, polepole kwanza, milango wazi kama mikono, na mke wangu yuko nyuma yake na kreti kifuani. Nimepiga kelele. Jina lake. Sijawahi kulitaja kwa sauti ile. Halafu Bibie kamfunika na sikumwona tena.

Nimekimbia. Sijui nilipitaje ngazi za duka. Nilidhani amekufa. Naandika hivyo hivyo kama nilivyodhani: nilidhani nimemuua mke wangu kwa ajili ya maduka arobaini.

Bibie kaishia ukutani kwa kinyozi. Mke wangu alikuwa mtaroni. Alikuwa ameruka. Amekaa ndani ya maji machafu, skonzi zimemzunguka, kiwiko kinatoka damu, na kifundo cha mguu kimeanza kuvimba. Nikaingia mtaroni nikamshika. Nikalia, na sioni haya kuandika. Hakulia. Kasema nimtoe, maji ni baridi. Nikamwahidi palepale, mbele ya kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, kwamba breki nitaitengeneza leo leo.

Askari wa barabarani kafika. Kaanza na mimi, kwa ukali. Kisha akaona stika. Kaomba cheti, kakisoma chote, sauti yake ikalainika. Kasema gari liko sawa. Kwa kuwa ni gari lililokaguliwa juzi tu, ikabidi aitwe Mkaguzi. Mkaguzi kaja na kalamu zake tatu. Kauliza nani anasema breki ni mbovu. Mke wangu, akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi na mguu umeinuliwa, kasema ukuta unasema. Mkaguzi kaitazama sahihi yake kwa muda mrefu. Breki aliitazama kwa muda mfupi, kwa mbali. Kasema breki iliyokuwa nzima Alhamisi haiwezi kufa Jumatatu. Askari kauliza basi ni nini. Mkaguzi kasema mteremko.

Wote wakautazama mteremko. Askari akaandika.

Kisha askari akamgeukia mke wangu. Kamuuliza, si kwa ubaya, ilikuwaje akasimama nyuma ya gari. Kasema mikate iko nyuma. Askari kasema kwa usalama wake angesimama pembeni. Mkaguzi kakubali, kasema wasaidizi wengi hawana mafunzo. Wakaniuliza mimi kama mwenye gari, naafiki?

Nilikuwa na cheti mkononi. Nikisema hapana, cheti ni uongo, stika inabanduliwa, njia inakwenda kwa Malaika akishakaguliwa tena. Nikasema naafiki.

 Mke wangu kaomba kinyozi ampe taulo.

Jumanne, 12 Mei

Mama Mikate kauliza maswali mawili tu: cheti bado kina nguvu? Na mikate iliyomwagika, bima italipa? Ndiyo na ndiyo. Njia bado yangu. Bibie ana kibonyeo nyuma, lakini mlango unafungwa ukiupiga teke.

Asubuhi na mapema Taratibu kaja na mkoba wa vyuma. Nyuma yake Malaika, amebeba waya mpya wa breki na pedi, ndani ya karatasi. Kanunua yeye. Kasema si mkopo, ni kwa ajili ya dada yake. Atakaa na Taratibu amsaidie, kazi ya siku mbili wataimaliza kwa moja. Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini, mguu umefungwa bandeji, ananingoja niseme.

Na nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikaona jinsi itakavyosimuliwa mtaani. Malaika ndiye aliyetengeneza Bibie. Malaika ndiye aliyenunua. Kila nitakaposimama kwenye mteremko, nitakuwa nimesimama kwa hisani ya Malaika. Mwaka mzima! Na kuna suala la kisheria pia. Breki ile imepitishwa. Ukiifungua, unafungua kitu ambacho serikali imekithibitisha. Ukiweka nyingine, hiyo nyingine imekaguliwa na nani? Nikawaeleza hivyo, kwa utulivu. Taratibu anasema breki mbovu, cheti kinasema nzima mpaka Mei ijayo, mimi ni nani nibishane na cheti?

Taratibu kaweka mkoba chini, kaketi juu yake. Malaika hakuondoka mara moja. Kasimama na kile kifurushi kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha kakiweka kizingitini, kando ya mke wangu, wakaondoka wote wawili.

Mke wangu alikaa pale na kifurushi mapajani mpaka jua likamfikia.

Jumatano, 13 Mei

Mke wangu hatapanda tena Bibie. Kaniambia akichana nywele, bila ugomvi. Mguu ukipona, na kaka yake akishapata stika, atakwenda kumsaidia kwenye unga. Kasema kunipikia atanipikia, kucheka na mimi tutacheka, na usiku nikikohoa atanipa maji. Nyuma ya gari langu hatasimama. Nikamuuliza kama amenisamehe. Kasema amenisamehe tangu mtaroni, ila ile "naafiki" bado anaifikiria. Imeniuma. Nimezunguka nyumba mara mbili. Halafu nikaona saa, na mikate haijui huzuni za watu.

Nimebandika tangazo kwenye geti la kiwanda: anatakiwa msaidizi wa kushusha kreti, mwaminifu, ajue kuhesabu, asiwe mzito. Kufikia saa tano walikuwa wamekuja watatu. Sikutaka kurudia makosa. Makosa ya juzi yalikuwa ni msaidizi asiye na mafunzo, hata Mkaguzi alisema. Kwa hiyo nimewapima wote, mmoja mmoja, na sikukaa kivulini. Nimewapanga nyuma ya kiwanda, kreti iliyojaa kifuani, nikapiga kelele bila kuwaonya. Wa kwanza kageuka kuuliza nini. Kafeli. Wa pili kaacha kreti ndipo akaruka, na mikate si yake. Kafeli. Wa tatu zamani alikuwa golikipa. Nilipopiga kelele alikuwa ameshafika ng'ambo ya mtaro na hakuna skonzi iliyoanguka. Nikamrudisha. Kushoto, kulia, kushoto, akiwa amefumba macho, akiwa anahesabu mikate kwa sauti. Nimemchunguza magoti. Nimemchunguza masikio. Nimehesabu mpaka sitini amesimama kwa mguu mmoja, na hakuyumba.

Kauliza mambo haya yote ni ya nini. Nikamwambia kwangu usalama ndio kwanza. Anaanza kesho alfajiri, na nimemwandikia cheti.